MEKATILILI WA MENZA, MAMA WA KATILILI

Ukiuliza darasani mashujaa waliopinga ukoloni hapa Kenya ni akina nani, utatajiwa Dedan Kimathi, utatajiwa Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa Kapenguria, na pengine mtu wa nyuma atainua mkono na kumtaja Koitalel arap Samoei wa Wanandi. Jina la Mekatilili wa Menza huja mwisho. Tena huja kwa sentensi moja tu, ile tunayoikariri kwa ajili ya mtihani wa Historia, kwamba alikuwa mwanamke aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza. Ukishaandika hivyo mwalimu anakutia vema, na wewe unaendelea na swali linalofuata.

Mimi naona sentensi moja haimtoshi mama huyu. Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuambia kila mmoja achague mtu mashuhuri wa zamani amwandikie maisha yake, sikufikiri mara mbili. Nina sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba kwetu ni upande wa Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, na ndiko alikozaliwa Mekatilili. Hadithi zake sikuzipata vitabuni kwanza. Nilizipata kwa hawe, yaani nyanya yangu mzaa baba, jioni tukikoboa mahindi nje ya nyumba, na baadaye ndipo nikavitafuta vitabu kuona vinasemaje. Sababu ya pili mtaiona mbele ya safari, kwa hivyo tusiharakishe. Haraka haraka haina baraka.

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19, mahali panapoitwa Mutsara wa Tsatsu. Wakati huo wazungu walikuwa bado hawajaitawala nchi yetu. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Mekatilili. Aliitwa Mnyazi, na baba yake aliitwa Menza, ndiyo maana ya kuitwa Mnyazi wa Menza. Alikuwa na ndugu wa kiume, na inasemekana yeye ndiye aliyekuwa msichana wa pekee kati yao.

Maisha ya msichana wa Kigiriama wakati huo hayakuwa ya kulala mpaka jua lipande. Asubuhi ni maji, na maji si ya mfereji. Ni kwenda kuteka kwenye kidimbwi au mtoni, kisha urudi nayo kichwani. Halafu kuna kinu na mchi vinakungoja, kwa sababu bila ya kutwanga hakuna sima. Kuna mboga za kuchuma porini, kama vile mtsunga, mboga ile chungu ambayo sisi watoto wa siku hizi tunaikunjia uso. Kuna shamba la mtama na mahindi, na kuna ndege wa kufukuzwa shambani. Wavulana nao wana mbuzi na ng'ombe. Jioni ndipo kulipokuwa na raha. Watoto hukaa na wazee wakasikiliza ngano, za sungura na fisi, za majitu, na za safari ya mababu. Hawe husema mtoto wa zamani alisomea jikoni na shambani, na mwalimu wake alikuwa kila mtu mzima aliyempita njiani.

Katika ngano hizo za mababu, kubwa kuliko zote ni ya Singwaya. Wazee wa Mijikenda wanasimulia kwamba makabila yao tisa, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wakauma, Wajibana na Wachonyi, yalitoka kaskazini mahali panapoitwa Singwaya wakikimbia vita. Walipofika pwani hii walijificha katika misitu juu ya vilima wakajenga miji yao humo ndani. Miji hiyo ndiyo inayoitwa makaya. Kaya ya Wagiriama ni Kaya Fungo. Msitu ulikuwa ni ukuta. Adui hawezi kupita katikati ya miti iliyosongamana vile, na njia zilikuwa chache, tena zina malango. Katikati kulikuwa na uwanja, na mahali pa siri palizikwa fingo, yaani kago la kuulinda mji.

Hebu fikiri jinsi watu hao walivyoufahamu msitu. Ilikuwa ni mwiko kukata mti wa kaya. Hata kuni kavu iliyoanguka yenyewe huiokoti ukaenda nayo nyumbani kupikia. Mbambakofi na mbuyu wa mababu uliachwa ukazeeka mpaka ukafa kifo chake. Wazee waliingia kumwomba Mulungu mvua wakati wa ukame, na kuwakumbuka koma, yaani roho za waliotangulia. Wanaume wa heshima walipofariki walichongewa vigango, nguzo za mti mgumu zenye sura ya mtu, ili wasisahauliwe. Wataalamu wa mimea wanaokuja siku hizi hustaajabu kukuta katika makaya miti ambayo kwingine pwani imekwisha. Si ajabu. Miti hiyo ililindwa na mwiko, na mwiko ulilindwa na wazee.

Wakati Mnyazi anakua, Wagiriama wengi walikuwa wamekwisha kutoka kaya na kutawanyika kutafuta mashamba na malisho, wakaenda mpaka mto Sabaki na kuuvuka. Lakini kaya ilibaki kuwa kaya. Likitokea jambo kubwa, kama njaa au kesi ngumu au kiapo, watu walirudi Kaya Fungo. Naona ni kama sisi ambao wazazi wetu wanafanya kazi Mombasa, lakini penye mazishi au harusi utaona kila mtu anatafuta gari la kurudi nyumbani.

Kuna jambo moja lililotokea katika ujana wa Mnyazi ambalo wasimulizi hawaliachi. Enzi hizo biashara ya watumwa ilikuwa ingali hai pwani. Siku moja ndugu yake, Mwarandu, alikamatwa na wateka watumwa. Hakurudi. Hakuna aliyejua kama aliuzwa ng'ambo ama alifia njiani. Sasa ewe msomaji mwenye kaka, jiweke mahali pake. Mtu anatoka nyumbani akiwa mzima, na hata kaburi lake la kulilia hamlipati. Mimi nafikiri ukitaka kumwelewa Mekatilili, anza hapo. Miaka mingi baadaye mzungu alipokuja kudai vijana wa kwenda kufanya kazi mbali, watu wengine waliona ni kazi. Yeye aliona Mwarandu anachukuliwa mara ya pili.

Mnyazi aliolewa na Dyeka wa Duka, akaenda kuishi Lango Baya. Alipata mtoto akamwita Katilili, na tangu hapo akaitwa Mekatilili, maana yake mama wa Katilili. Kwetu mpaka leo mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na ni heshima. Kwa hiyo jina tunalolisoma katika vitabu vya Historia si cheo cha vita wala lakabu ya kutisha watu. Ni jina la mzazi. Baadaye mume wake alifariki akabaki mjane.

Sasa tuje kwa Waingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilikuwa imejikita Mombasa na Malindi, lakini Wagiriama wa bara walikuwa wakijiendea na mambo yao. Walilima nafaka wakala na kuuza, walifuga, walifanya biashara ya pembe za ndovu. Hawakuwa na haja ya kibarua cha mtu. Hilo ndilo lililokuwa kosa lao machoni pa serikali. Walowezi walikuwa na mashamba makubwa pwani na walitaka wafanyakazi. Mwaka 1912 akaletwa afisa kijana aliyeitwa Arthur Champion awatawale Wagiriama. Kazi yake ilikuwa ni kukusanya kodi ya nyumba, kuweka wazee wa serikali badala ya wale wa kaya, na kuwatoa vijana waende kufanya kazi. Isitoshe, serikali iliutazama kwa jicho la tamaa ule udongo mzuri wa ng'ambo ya Sabaki. Ilitaka Wagiriama wahame kutoka kaskazini ya mto.

Ujanja wa mambo hayo ni huu. Mtu akilipishwa kodi kwa fedha naye hana fedha, itambidi aende kuitafuta kwa mwenye nayo. Na mwenye nayo ni mlowezi. Kodi ilikuwa kamba ya kuwavuta vijana. Wazee wa kaya waliliona hilo, lakini wengi walikuwa wamegawanyika, na wengine walikuwa wamekwisha kupewa vyeo na serikali. Ndipo akainuka mjane mmoja wa makamo.

Mekatilili hakuwa na bunduki, wala hakuwa na cheo. Hakuwa hata na nafasi katika baraza la wazee, kwa kuwa baraza hilo lilikuwa la wanaume. Alichokuwa nacho ni ngoma ya kifudu. Kifudu ni ngoma ya msiba, na si ngoma ya mchezo. Ikisikika, watu huja, kwa kuwa huwezi kuisikia ngoma ya kilio ukakaa kwako umekunja miguu. Basi Mekatilili alizunguka kijiji hadi kijiji akiicheza kifudu, na umati ukimfuata. Watu wakishakusanyika ndipo anawaambia kwamba nchi inachukuliwa, watoto wanachukuliwa, na wao wamenyamaza. Wamijikenda walikuwa pia na kumbukumbu ya mtabiri wa kale, Mepoho, ambaye inasemekana alitabiri kuja kwa wageni na kuharibika kwa mila. Mekatilili aliwakumbusha hayo. Hakuleta neno geni. Alichukua yale watu waliyoyajua tangu utotoni, ngoma yao na ngano zao na makaburi yao, akayafanya kuwa silaha.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola. Katikati ya mwaka 1913 ulifanyika mkutano mkubwa Kaya Fungo. Hapo watu walikula viapo viwili. Wanaume walikula kiapo kinachoitwa fisi, na wanawake wakala cha mukushekushe. Maana ya viapo hivyo ilikuwa kwamba hakuna Mgiriama atakayelipa kodi wala kutoa kijana wala kumtii mzee wa serikali, na atakayevunja atapatikana na madhara ya kiapo. Nataka wasomaji waelewe kwamba kiapo kwa watu wa wakati ule hakikuwa mzaha. Ilikuwa ndiyo sheria, na ndiyo polisi, na ndiyo mahakama. Baada ya siku hizo Champion alipoita mkutano, watu hawakuja. Alipotaka wafanyakazi, hakupata. Wazee wake wa serikali walikaa kimya kwa hofu ya kiapo. Afisa mwenye askari na bunduki akabaki anazungumza na viti.

Kuna hadithi ya kuku ambayo kila mtoto wa Kigiriama anaijua. Inasimuliwa kwamba katika mkutano mmoja Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga. Akamtaka Champion ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Champion aliponyosha mkono, kuku akamdonoa vibaya. Mekatilili akamweleza kwamba hivyo ndivyo atakavyofanywa akigusa watoto wa Wagiriama. Wengine huongeza kwamba mzungu alikasirika akampiga kuku yule risasi. Hawe anapofika hapo hunyamaza kidogo, halafu hutuuliza sisi wajukuu ni nani aliyeshindwa siku hiyo, kuku ama mwenye bunduki. Dada yangu mdogo husema kuku alikufa kwa hivyo alishindwa. Hawe humwambia atajibu tena akiwa mama.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa, na Wanje naye akakamatwa. Walihukumiwa uhamisho wa miaka mitano, wakapelekwa mbali kabisa upande wa magharibi ya Kenya, ili sauti zao zisisikike tena pwani. Serikali ilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ilikuwa haijamjua mtu wake. Mwezi wa Januari mwaka 1914 wawili hao walitoroka. Wakarudi nyumbani kwa miguu.

Sentensi hiyo ni fupi lakini naomba uisome tena taratibu. Kutoka magharibi ya Kenya mpaka pwani ni mamia ya kilomita. Sisi tukisafiri kwa basi tunatoka asubuhi na tunafika usiku tukiwa tumechoka, migongo inauma, na tumekula njiani mara mbili. Wao walipita milima na mbuga zenye simba, na nchi za watu wasiojua lugha yao, huku wakitafutwa. Mimi ni mwanafunzi wa shule ya kutwa, natembea kilomita sita kila asubuhi na sita jioni, na kuna siku za mvua naona kama dunia yote imenionea. Nikimkumbuka Mekatilili huwa nafunga midomo naendelea kutembea.

Kurudi kwake kuliwapa watu moyo, lakini mwaka huo wa 1914 ulikuwa mwaka mbaya. Mwezi wa Agosti, vita vikuu vya kwanza vya dunia vikiwa ndiyo vinaanza, serikali iliamua kuivunja Kaya Fungo. Waliuona msitu ule kuwa ndio moyo wa uasi. Wakachoma nyumba zilizokuwamo, wakalipua malango na miti kwa baruti. Mwanafunzi mwenzangu, kama wewe ni Mkristo fikiria kanisa lenu linalipuliwa, na kama wewe ni Mwislamu fikiria msikiti wenu. Ndivyo ilivyokuwa. Walidhani wamelipua kiapo, kumbe walikimwagia mafuta ya taa. Serikali nayo ikazidi kudai vijana, safari hii wakawe wapagazi wa vita. Wagiriama wakapigana. Mishale ilikutana na bunduki za askari wa King's African Rifles, na matokeo unaweza kuyakisia. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, nyumba kwa maelfu zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na watu wakatozwa faini ya rupia 100,000. Waliokaa ng'ambo ya Sabaki walifukuzwa huko. Mekatilili alikamatwa tena, akarudishwa uhamishoni.

Sasa mtu anaweza kuuliza, kama walipigwa hivyo, huyo Mekatilili alishinda nini? Ni swali zuri, na niliwahi kulisikia likiulizwa kwetu darasani. Jibu liko katika miaka iliyofuata. Kuwafukuza watu ng'ambo ya mto kuliwaletea njaa, na kazi ya kuwatawala Wagiriama kwa nguvu ikawa mzigo. Vita vya dunia havijaisha vizuri, serikali ikaanza kulegeza kamba. Watu walirudi ng'ambo ya Sabaki. Wazee wakaruhusiwa kurudi kaya. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje walirudi nyumbani, na safari hii hawakurudi kama watoro. Wanje alikaa na wazee wanaume kaya, na Mekatilili akaongoza baraza la wanawake. Yule mjane ambaye zamani hakuwa na kiti barazani, sasa alikuwa nacho. Alifariki mwaka 1924 akazikwa Bungale, upande wa Magarini, kaskazini ya mji wa Malindi. Leo ukienda Malindi utaiona sanamu yake bustanini, na kila mwaka watu hukusanyika kumkumbuka, wanawake wamevaa hando zao, na ngoma zinalia. Makaya nayo yameingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008.

Sasa nifike kwenye ile sababu yangu ya pili.

Waingereza walipoona mama mmoja anawazuia kutawala, walimtafutia jina. Walisema ni mchawi. Ilikuwa ni rahisi kwao. Ukimwita mtu mchawi, huna haja tena ya kumjibu hoja zake. Huulizi kama kodi ni ya haki ama si ya haki, wala kama ni halali kumchukua kijana wa mwenzako. Unasema tu ni mchawi, basi, mambo yamekwisha, unamfunga.

Miaka zaidi ya 100 imepita. Wakoloni wameondoka. Lakini neno lile walituachia, ama tulikuwa nalo tukalinoa zaidi. Katika kaunti yetu ya Kilifi tumesikia redioni na kusoma magazetini habari za wazee wanaouawa wakiitwa wachawi. Si siri, na kila anayesoma jarida hili anajua. Mzee akiwa na mvi na macho mekundu, inatosha. Mtoto akiugua, ni yeye. Ng'ombe akifa, ni yeye. Na mara nyingi ukichunguza sana utakuta kuna shamba nyuma ya maneno hayo, na kuna mtu ambaye hataki kungoja urithi. Kuna wazee ambao wameyahama makwao wenyewe, wanaishi kwa kuhifadhiwa, hali nyumba walizojenga kwa mikono yao wanalala wengine.

Hawe yangu ana miaka zaidi ya 70. Jumapili anakwenda kanisani, na ni mama wa kwaya. Lakini kila mwezi humpa dada yangu pesa akamnunulie piko dukani, ampake nywele ziwe nyeusi. Zamani nilidhani ni urembo, na tulikuwa tukimcheka kwa upendo kwamba anatafuta mchumba. Mwaka jana mzee mmoja wa kijiji cha jirani alivamiwa usiku. Baada ya mazishi yake hawe alitupaka ukweli bila ya kutuficha. Alisema anapaka piko kwa kuwa anaziogopa mvi zake. Babangu alikuwa ameketi pale, hakusema kitu, aliinuka akaenda kuufunga mlango wa nje ijapokuwa ilikuwa bado mchana.

Wenzangu, mvi zilikuwa taji. Penye wazee hapaharibiki neno, ndivyo tunavyoandika katika insha na kupata alama. Halafu tunaishi mahali ambapo mzee anazificha mvi zake kama mtu aliyeiba.

Najua wako watakaosema kwamba mambo hayo yanatokana na mila zenyewe, na kwamba tukiziacha mila zote na kushika dini tutapona. Hata babangu huwa anasema hivyo. Sikatai kwamba Wagiriama wa zamani waliamini kuna uchawi. Waliamini. Lakini walikuwa na utaratibu. Mtu akishukiwa alipelekwa mbele ya wazee, kesi ikasikizwa mchana, na ikibidi mshukiwa na mshtaki walikula kiraho. Hapakuwa na vijana wanaokuja na panga saa nane za usiku wakiwa wamefunika nyuso. Mwenye kufanya hivyo leo asije akasema anafuata mila. Hafuati mila, wala hafuati Biblia, wala Kurani. Anafuata tumbo lake. Kaya iliwakataza watu hata kukata tawi, seuze shingo ya mzee.

Na tujiulize, je, kama Mekatilili angeishi leo hapa kwetu ingekuwaje? Mjane mwenye umri, tena asiyekubali kunyamaza, anayezunguka vijijini na ngoma ya msiba, anayeingia kaya. Anaikataa shamba lichukuliwe. Mimi naogopa kwamba hangefika Bungale kufa kifo cha Mungu. Tungemwita jina lile lile aliloitwa na mkoloni, na sisi hatungehitaji hata Champion wa kutusaidia.

Mwalimu wetu wa Historia alitufundisha kwamba Mekatilili alipigania ardhi na uhuru. Ni kweli, na mtihanini nitaandika hivyo hivyo. Lakini nikisoma maisha yake tangu utotoni naona kilichomsukuma kilikuwa kitu kidogo zaidi na cha karibu zaidi. Hakutaka mtu wa nyumbani mwake achukuliwe na nyumba ikanyamaza. Alimpoteza Mwarandu akiwa msichana asiyeweza kufanya kitu, na alipopata uwezo alikataa jambo hilo lisirudiwe. Basi sisi tunaojivunia jina lake tuna kazi hiyo hiyo. Tukisikia mzee anaanza kutajwa tajwa kwa jina baya, sokoni ama kisimani ama hata kwa mzaha hapa shuleni, tusicheke wala tusinyamaze. Tuulize ni nani aliyeanza kusema, na anataka nini. Tumwambie chifu, tumwambie mwalimu, tumwambie pasta au imamu. Vijana wanaotumwa usiku si wageni. Ni rika letu, wengine tulisoma nao shule ya msingi, na wanaweza kukuambia wewe jambo ambalo hawatamwambia chifu.

Chama chetu kimeombwa kutayarisha mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi. Nimependekeza tuigize maisha ya Mekatilili, na wanachama wamekubali. Kuku tunaye tayari, vifaranga bado. Atakayecheza sehemu ya Mekatilili akiwa mzee atahitaji nywele nyeupe, na tumekubaliana tutazipaka majivu. Hawe ameahidi kuja kutufundisha hatua za ngoma ambazo si za siri, na amesema atakaa mstari wa mbele. Nawakaribisha nyote, pamoja na wazee wenu. Waleteni wakae mbele, mahali ambapo wataonekana.